Gitaa la kutengeneza nyumbani: mafuta, shelaki, laka ya NC au rangi ya gari?

Kijana wa jirani alinijia na bodi ya gitaa aliyoikata mwenyewe, mninga mtupu, imepigwa msasa mpaka inateleza kama sabuni. "Shikamoo anko. Sasa nipige nini juu?" Nikamwambia swali hilo angeniuliza kabla hajanunua mbao. Alikuwa anataka gitaa jekundu linalong'aa kama kioo. Mninga una vinyweleo vilivyo wazi, kwa hiyo kupata kioo juu yake ni kuziba kila tundu, kusugua, kuziba tena, halafu uufunike wote kwa rangi, usiuone tena maisha yako yote. Ni sawa na kununua kitenge cha bei kubwa ukaenda kukichovya kwenye rangi nyeusi. Kwa gitaa jekundu, mbao ya paini ingemtosha, na pesa iliyobaki ingenunua pikapu nzuri, yaani kile kinasa sauti cha gitaa la umeme.

Nimetengeneza magitaa manne ya umeme kibarazani, na kila moja nimelimalizia kwa njia tofauti. Sikupanga hivyo. Kila njia ilinichosha kwa namna yake nikahamia nyingine. Nitazilinganisha hapa kama ninavyozijua, na nitasema waziwazi ninayoipenda. Kwanza niziweke mezani.

Ya kwanza ni mafuta. Hapa nasema mafuta ya kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi, ama peke yake au yakiwa yamechanganywa na vanishi ya mafuta na tapentaini. Ya pili ni shelaki, ile ambayo maseremala wa zamani waliiita polishi tu, wakaipaka kwa kitambaa chenye pamba ndani. Hutokana na utomvu wa mdudu mdogo wa India na Thailand, huuzwa ikiwa magamba membamba ya rangi ya asali, nawe unayayeyusha kwenye spiriti. Ya tatu ni laka ya NC, yaani nitroselulosi, inayopulizwa kwenye makabati na vitanda pale Keko, Dar es Salaam, kila siku ya Mungu. Ya nne ni rangi ya gari ya kuchanganya na hadina, yaani kikaushio chake, pamoja na klia, lile koti la juu lisilo na rangi, ile ya gereji.

Zipo nyingine, kama vanishi za maji zisizo na harufu kali. Mtu wa Ulaya anayefanyia kazi kwenye chumba cha ndani ataanza na hizo. Kwetu bado hazipatikani kila duka, na nisichokitumia vya kutosha sikipi nafasi.

Tena sauti. Utasikia watu wakiapa kwamba laka ya NC "inaacha mbao ipumue" na kwamba rangi ya gari inaua mlio. Kwenye gitaa kavu, lisilo na umeme, hapo pana hoja, kwa sababu ubao wa juu ni mwembamba na ndio unaopiga kelele. Gitaa la umeme lina bodi nene ya milimita 44 hivi, na pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya inayosikiliza nyuzi za chuma. Haiisikilizi rangi. Badilisha urefu wa pikapu kwa milimita moja utasikia tofauti kubwa kuliko ya kubadilisha laka. Chagua kwa sababu nyingine.

Sababu ya kwanza, na kwangu ndiyo inayoamua karibu kila kitu, ni mahali unapofanyia kazi.

Laka ya NC inataka hewa kavu. Hilo nililijua kwa kuumia. Nilikuwa nimemaliza makoti matatu mazuri, yaani matabaka ya laka, mwezi wa Aprili, Dar es Salaam, masika yamekolea. La nne lilipokauka, bodi nzima ilikuwa na ukungu mweupe, kana kwamba mtu ameipulizia maziwa. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mzee wa fenicha. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, laka haipigwi na mvua." Kisha akanieleza kitu ambacho baadaye nilikikuta pia kwenye maelezo ya kitaalamu: tina, ile ya kuzimulia laka, inapokauka haraka inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unageuka matone juu yake kama jasho la chupa ya soda baridi, nao unanaswa ndani ya laka. Dawa ni kungoja siku kavu, au kutumia tina inayokauka polepole. Yangu aliiokoa kwa kupuliza tina hiyo peke yake, nyepesi, juu ya ukungu. Laka ya chini ikalainika, unyevu ukatoka, weupe ukapotea mbele ya macho yangu. Rangi ya gari isingekubali uganga huo.

Kwa hiyo ukiwa pwani, NC ni kazi ya Juni hadi Septemba, saa nne asubuhi kuendelea. Walioko Iringa au Arusha wana nafasi pana zaidi, ingawa asubuhi za baridi nazo zina mambo yake.

Halafu kuna moto. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji, usiuone, mpaka ukutane na jiko la mkaa upande wa pili wa ukuta. Kama mnapikia uani, usipulize uani. Sina utani hapa.

Rangi ya gari ina hatari ya aina nyingine. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali ambayo ikiingia mapafuni inaweza kukuachia pumu ya kudumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo baadaye kinakubana kifua. Harufu yake haikupi onyo la kutosha. Barakoa za karatasi zilizobaki tangu enzi ya korona hazizuii mvuke kabisa, na hata ile ya vichungi vya mkaa si ya kuiamini kwa kazi hii. Wataalamu wanavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ndiyo maana msimamo wangu kuhusu rangi ya gari ni mmoja: usiipulize nyumbani. Tengeneza bodi, iandae, ipeleke kwa fundi rangi mwenye chumba chake. Ukiona hiyo ni kuvunja mwiko wa kufanya kila kitu kwa mkono wako, basi usichague rangi ya gari.

Shelaki na mafuta havihitaji kompresa wala chumba. Vinahitaji meza na vitambaa. Lakini hivyo vitambaa vya mafuta! Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na kitendo hicho kinatoa joto. Kitambaa kilichoning'inizwa wazi hupoteza joto lake hewani. Vitambaa vilivyofinyangwa pamoja ndani ya ndoo vinalihifadhi, mpaka vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Mimi nilivikuta vinatoa moshi. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu, na tangu siku hiyo kila kitambaa changu hutandazwa kwenye ukuta wa nje kama samaki wa kukausha, au huzamishwa kwenye maji kabla ya kutupwa.

Baada ya mahali, mbao.

Mninga ulizaliwa kwa ajili ya mafuta. Haupindi ovyo ukishakauka, si mzito wa kukuvunja bega, na mafuta yanauamsha ule wekundu wa kahawia wenye mistari ya dhahabu kwa namna ambayo hakuna rangi ya kopo inayoiga. Njia yangu ni hii: sehemu moja vanishi ya mafuta, moja linsidi iliyochemshwa, moja tapentaini. Neno "iliyochemshwa" lisikudanganye, siku hizi maana yake imetiwa dawa ya kukausha. Ile mbichi itakukalisha wiki nzima ukingoja. Paka kwa wingi, ngoja dakika 15 au 20, kisha futa yote, usiache hata tone juu. Kesho rudia. Koti la pili na la tatu yasugue kwa msasa namba 400 mafuta yakiwa bado maji. Vumbi na mafuta vinakuwa uji unaoingia kwenye vinyweleo na kuviziba kwa rangi ileile ya mbao. Makoti matano, siku tano, na una uso laini wenye mng'ao hafifu. Tahadhari moja: vumbi la mninga linawasha pua na kifua cha watu wengi, hivyo wakati wa kusugua bodi ikiwa kavu, hapo barakoa ya vumbi ina kazi.

Mvule nao hukubali mafuta na shelaki, ila wakati mwingine una mawe ndani, amana za chokaa zinazoweza kung'oa meno ya msumeno wako. Chunguza kabla hujawasha mashine.

Paini, ile ya Sao Hill iliyojaa kila duka la mbao, ni kinyume cha mninga. Ukiipaka mafuta inanyonya kwa mabaka, hapa nyeusi hapa nyeupe, inaonekana kama ina ukurutu. Tena ni laini. Kucha inaacha alama. Paini inataka koti gumu juu yake, yaani rangi ya gari, au NC juu ya sila nzito, lile koti la kwanza la kuziba mbao. Usiidharau lakini. Ni nyepesi, na anayepiga jukwaani tangu saa tatu usiku mpaka majogoo ataushukuru wepesi huo kuliko uzuri wa mninga.

Mpingo sitauongelea kama bodi, maana ni mbao inayozama majini na bega lako si la chuma. Ni wa ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unapobonyezea nyuzi, na hapo hauhitaji chochote zaidi ya kusuguliwa hadi ung'ae. Ukijaribu kuupaka vanishi ya mafuta, mafuta yake ya asili yanaweza kuizuia isikauke, ikabaki inanata. Aliyelazimika hutanguliza shelaki isiyo na nta, ambayo hushika karibu juu ya kila kitu na karibu kila kitu hushika juu yake. Hiyo pekee inatosha kuweka kichupa cha shelaki kabatini hata kama hukusudii kumalizia gitaa kwayo.

Sasa jasho, ambalo kwenye kurasa za Wazungu halitajwi sana, na kwetu ndilo adui wa kila usiku.

Shelaki ni nzuri kuitazama kuliko zote nne. Ina kina, ukiinamisha bodi mwanga unaogelea ndani yake. Lakini mkono wa kulia unaolala ukingoni mwa bodi kwa saa tatu, ukitoka jasho, unaila. Baada ya miezi kadhaa sehemu ile inafifia na kunata. Mwenzako akimwagia bia, spiriti iliyomo inaweza kuacha doa. Glasi ya chai ya moto inaacha duara jeupe. Gitaa langu la shelaki haliendi popote. Linakaa sebuleni, na hapo ndipo mahali pake.

NC inavumilia jasho vizuri zaidi, ingawa nayo huchoka. Inageuka njano kwa miaka, na ikitolewa kwenye baridi ghafla hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kuna watu hulipia pesa nyingi kupata nyufa hizo. Jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba NC haipatani na mpira wa baadhi ya stendi za gitaa: kemikali za kulainisha mpira huhamia kwenye laka, na asubuhi unakuta gitaa limeng'ang'ania stendi. Funga kitambaa cha pamba pale mpira unapogusa.

Rangi ya gari haijali chochote kati ya hivyo. Ilitengenezwa kukaa juani Kariakoo miaka kumi.

Mafuta yako katikati kwa namna ya ajabu. Hayalindi sana, gitaa la mafuta linakusanya alama, linakuwa jeusi kidogo pale mkono unapopita. Ila alama hizo zinaonekana kama zake, si kama uharibifu.

Na hapo tunafika kwenye kurekebisha, ambako mpangilio wote unageuka juu chini. Ile iliyo ngumu kuliko zote ndiyo mbaya kuliko zote kuiponya. Rangi ya gari ikibanduka, koti jipya haliyeyuki ndani ya la zamani. Linakaa juu yake, na mpaka wake unauona. Mara nyingi dawa ni kusugua upande mzima na kupuliza upya. NC hufanya kinyume: kila koti linayeyusha lililotangulia na kuwa kitu kimoja, hata miaka ishirini baadaye. Shelaki vivyo hivyo. Na mafuta? Msasa mwepesi, kitambaa, jioni moja, basi.

Kwa muda, sitakaa sana. Mafuta ni wiki moja. Rangi ya gari ni siku mbili tatu kwa fundi asiye na foleni, na huyo bado sijamwona. Shelaki ni wiki mbili za kusugua kwa mkono kila jioni, na magamba ukishayayeyusha, gramu 200 hivi kwa lita, yatumie ndani ya miezi sita, la sivyo yatakataa kukauka. NC inakauka kwa dakika, unaweza kupiga makoti matatu kwa asubuhi, na hapo ndipo inapokudanganya: tina inaendelea kutoka kwa wiki nyingi. Ukipiga kompaundi, ile dawa ya kung'arisha, siku ya tatu, utaona kioo. Baada ya mwezi kioo kimezama na vinyweleo vimeibuka. Ngoja wiki tatu, nne ikiwezekana. Litundike mahali usipoliona.

Wanaosema rangi ya gari si "halisi" kwenye gitaa wanasahau historia. Kampuni ya magitaa ya Fender, kule California, rangi zao maalumu za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa Duco na Lucite za DuPont, rangi za magari kabisa. Hivyo ukimpelekea fundi wa gereji bodi yako unafuata njia ile ile. Na anayedhani kazi ya nyumbani haiwezi kufika mbali, amtazame Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa lake mwaka 1963 nyumbani kwao Uingereza, shingo wakaichonga kutoka mbao ya mahogani iliyokuwa imezunguka meko ya kizamani ya ukutani, matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti, alama za freti wakazikata kutoka vifungo vya chaza vya mama yake. Gitaa hilohilo ndilo lililosimama jukwaani kando ya Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Walilimalizia kwa koti gumu la kuchanganya na kikaushio, si kwa kitu cha fahari. Koti lenyewe lilikuwa la dukani.

Ukiamua kwenda gereji, nisikilize kwa makini, maana hapa nilipoteza wiki mbili. Fundi wa magari anajua bati. Hajui kwamba shingo ya gitaa inaingia kwenye shimo lake kwa kubana, bila nafasi ya hata nusu milimita. Mmoja alinipakia rangi nene mpaka ndani ya shimo hilo. Nilipoisukuma shingo, kona ya rangi ikapasuka, ufa ukakimbia hadi usoni. Ziba shimo la shingo kwa tepu ya karatasi wewe mwenyewe. Ndani yake funga kijiti kwa skrubu mbili, kiwe mpini wa kushikia na kutundikia. Mwambie pia asipake puti, na makoti ya klia yawe mawili, basi.

Nimchagulie nani nini, basi? Anayetengeneza la kwanza, mwenye mninga au mkongo, sina hata sekunde ya kufikiri: mafuta. Kosa lolote utakalofanya linafutika kwa msasa, na hutauza kompresa uliyoinunua kwa gitaa moja. Mwenye bendi, anayepiga kumbi na kubeba gitaa kwenye daladala, achukue paini na rangi ya gari. NC ni kwa yule aliyeshatengeneza moja mbili, ana rafiki mwenye karakana ya fenicha na subira ya kungoja kiangazi. Humo ndimo utapata rangi ya machweo, njano katikati ikififia kuwa nyeusi kingoni, ambayo mafuta hayawezi. Shelaki ni kwa mtu anayependa kusugua kuliko kupiga gitaa. Tupo.

Kijana wa jirani tulikubaliana mafuta kwa ule mninga wake, na wekundu autafute kwenye gitaa la pili. Alikuwa na swali moja la ziada, kuhusu shingo, na nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu: bodi ipake upendacho, ila nyuma ya shingo weka mafuta, hata kama bodi ni ya gereji. Shingo ya kung'aa, kwenye joto la Dar na mkono uliolowa, inashika kidole gumba kama gundi katikati ya solo. Makoti matatu membamba, msasa namba 600 mwishoni, na kila mwaka jioni moja ya kuipaka tena.